Je, mpangaji wa duka asiye na mkataba anaweza kufukuzwa kesho?

Hapana. Nchini Kenya mambo ni kinyume: asiye na karatasi ndiye mgumu kumtoa.

Mimi mwenyewe nililijibu swali hili vibaya. Shangazi yangu alikuwa na saluni ya chumba kimoja, vioo viwili na viti vya plastiki, aliyoipanga kwa maneno ya mdomo tu. Kodi alituma kwa M-Pesa kila tarehe 5. Landilodi alipomletea barua ya mistari mitatu, kwamba awe ametoka kufikia mwisho wa mwezi, nilimwambia afungashe. Huna mkataba, utamshtaki kwa lipi? Akafungasha, na kioo kimoja kikavunjikia kwenye mkokoteni. Kumbe barua ile ilikuwa na nguvu sawa na gazeti la kufungia mandazi.

Sheria inayohusika ni Sura ya 301 ya mwaka 1965, ya maduka, hoteli na mikahawa. Duka humo ni neno pana: hata pahali pa kutoa huduma za kulipiwa ni duka, kwa hiyo saluni imo, na fundi cherehani pia. Inalinda upangaji ambao haukuandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka 5. Mwenye mkataba wa miaka 6 uliopigwa mihuri yuko nje ya ulinzi huo (isipokuwa mkataba wake unaruhusu kuvunjwa ndani ya miaka 5 hata bila kosa). Aliyepeana mkono na landilodi mlangoni yumo. Niliporudia kusoma kifungu hicho nilidhani nimeruka neno. Nadhani hoja ni kwamba anayeweza kumlipa wakili amwandikie mkataba mrefu anaweza pia kujitetea, ingawa hayo ni makisio yangu.

Basi mwenye jengo anarudishaje chumba chake? Kwa notisi, ila si notisi ya mkono. Iwe katika fomu iliyowekwa na kanuni, itaje sababu, na isianze kufanya kazi kabla ya miezi 2 tangu mpangaji aipokee.

Ifikirie kama tangazo la ndoa kanisani. Tangazo halimwozi mtu. Linatoa nafasi ya pingamizi. Akisimama mmoja akapinga, harusi husubiri mpaka pingamizi lisikizwe. Vivyo hivyo, mpangaji akipeleka pingamizi kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara kabla ya siku iliyotajwa, notisi inalala hapo hapo mpaka jopo liamue. Na likitangazwa jina lisilo la bwana harusi? Linarudiwa upya. Ndivyo ilivyo kwa notisi isiyofuata fomu, hata kama landilodi ana haki kwa mengine yote.

Lakini watu wote wakinyamaza, ndoa inafungwa. Notisi sahihi humtaka mpangaji ajibu kwa maandishi ndani ya mwezi 1 kama anakubali au la. Anayeitia kwenye droo, asijibu wala kwenda kwenye jopo, siku ikifika upangaji wake umekwisha.

Sababu nazo si za kubuni. Zinazotumika ni kama kodi iliyochelewa miezi 2 au kucheleweshwa kila mara, landilodi kutaka kubomoa na kujenga upya, au kutaka kulitumia jengo mwenyewe kwa angalau mwaka 1. Kupata mtu wa kulipa gudwili nono, yaani pesa za kuingilia duka, hakumo. Kufuli la usiku halimo pia, na hata kukamata mali ya mpangaji kwa deni la kodi kunahitaji ruhusa ya jopo.

Haya yote ni ya biashara. Nyumba za kuishi zina sheria yao ya kudhibiti kodi, ya mwaka 1959, nayo inalinda wanaolipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Anayejua chumba cha bei hiyo Nairobi leo anielekeze, nihamie.