Saa ya sola ya kuzamia: tunavyodanganyana kijiweni

Hii saa niliyovaa niliinunua kwa mgumu mmoja, yaani mpagazi, tunayepanda naye mlima, kwa 50,000, na mpaka leo tukikutana stendi hapa Moshi dogo ananiita tapeli mbele za watu. Ni Citizen Promaster, ile ya Eco-Drive, yaani ya sola, ya mita 200, kidude cha kurekebishia majira hakipo usawa wa namba tatu kama saa zingine, kimeshuka kwenye nne. Mgeni alimwachia kama tipu mwishoni mwa Januari. Dogo akaipenda kupita kiasi, akaivisha soksi, akaiweka kabatini kwao Rau isije ikachubuka, akasubiri mwezi wa sita kuna harusi ya dada yake ndo aivae. Siku ya siku anaitoa, mshale wa sekunde unakaa kimya, unaruka mbili, unakaa kimya, unaruka mbili. Akasema mzungu kamwachia takataka. Akaniletea mimi nimtafutie mteja wa spea.

Sasa hapo ndo uongo wa kwanza unapoanzia.

"Sekunde ikiruka mbili mbili mashine imekufa"

Haijakufa, ina njaa. Saa nyingi za sola za Kijapani zenye mishale zimetengenezwa hivyo makusudi, chaji ikikaribia kuisha mshale wa sekunde unaacha kwenda moja moja unaanza kuruka mbili kwa mpigo kila baada ya sekunde mbili, ni kama taa ya mafuta kwenye dashibodi inapowaka. Majira yenyewe bado yako sahihi, inakuomba tu mwanga. Hii yangu ikijaa inakaa gizani karibu miezi 6, na Seiko zile za sola za kuzamia zenye mashine ya V157 zinafika kama miezi 10. Hesabu mwenyewe, Januari mwishoni mpaka Juni mwishoni ndani ya soksi ndani ya kabati.

Niliiweka dirishani asubuhi, kufika saa saba mchana inatembea moja moja kama mpya. Nikiri tu kwamba wakati namhesabia zile hela nilishahisi tatizo ni nini, ila sikuwa na uhakika, na mdomo ukawa mzito. Baadae roho ikanisuta nikamuongezea 70,000 na chipsi kuku, akapokea vyote, na utapeli hajanifutia.

Kwa hiyo ukiwa Memoria kwenye mitumba au kwa machinga yeyote ukaona saa ya sola inaruka mbili mbili, au imesimama kabisa, usiikatae kwanza na usiilipie bei ya nzima pia. Muombe muuzaji muiweke juani wakati unazunguka zunguka. Ikiamka, mnaongea. Isipoamka inaweza kuwa ile betri ya ndani imechoka kweli, na hapo bei lazima ishuke.

"Sola haina betri"

Hii inasemwa hata na wauzaji wa madukani wenye vioo na AC. Betri ipo. Chini ya uso wa saa kuna kipande cha sola, uso wenyewe unapitisha mwanga kiasi ndo maana huoni zile seli nyeusi kama za paneli ya bati, umeme unaozalishwa unaenda kwenye betri ndogo ya kuchaji. Sifa yake ni kwamba inakaa miaka mingi sana, watu wana saa za sola za miaka ya 90 mpaka leo zinadunda na betri ile ile. Na hii teknolojia sio ya jana, Citizen walitoa saa ya mishale ya sola mwaka 1976 na jina la Eco-Drive likaja 1995.

Kwa nini nakomaa na hili? Kwa sababu ya mafundi wetu. Kuna kaka yangu mmoja dereva wa utalii Arusha, saa yake ya sola ilizima baada ya kukaa kwenye droo, akaipeleka kwa fundi wa pembezoni mwa barabara, fundi akafungua mgongo, akaona betri ya kidonge, akatoa akaweka betri ya kawaida ya elfu tatu, saa ikawaka, wakapeana mikono. Miezi ikapita. Siku nyingine ikazima moja kwa moja, kufungua ndani kuna ule unga wa kijani na sakiti imeliwa. Betri ya kawaida haijatengenezwa kuchajiwa, ukiiunganisha na sola inalazimishwa kupokea umeme isioutaka, inavuja, na inaweza hata kupasuka. Na kumbe ile ya mwanzo labda haikuwa na shida yoyote, ilitaka tu kushinda dirishani siku mbili. Fundi simlaumu sana, yeye anaona saa mia za betri kwa moja ya sola. Ila mwenye mali ndo unatakiwa umwambie kabla hajaishika bisibisi: mkuu, hii ni sola, betri yake ni ya kuchaji, kama huna usiguse.

"Bila jua kali haichaji, Arusha mwezi wa saba itazima"

Watu wa Arusha mnapenda kujihurumia na baridi yenu. Ni kweli Julai unaweza kumaliza siku tatu hujauona Meru, lakini saa haihitaji jua, inahitaji mwanga. Ukipima mwanga kwa laksi, jua la mchana lililo wazi ni kama 100,000, siku ya mawingu bado nje unapata kama 10,000, ndani ya ofisi kwenye taa ni kama 500 hivi. Juani dakika chache tu zinatosha kuiendesha siku nzima, mawinguni unaongeza dakika, ofisini ni masaa kadhaa. Maana yake ni kwamba mtu anayetoka nje kila siku kwenda kununua maandazi keshamaliza kazi ya kuchaji bila kujua.

Adui wa kweli Arusha mwezi wa saba ni mkono wa jaketi. Umevaa sweta, juu yake jaketi, saa iko gizani kutwa, usiku unaivua unaiweka kwenye meza mbali na dirisha. Hapo hata ungekuwa Dodoma ingezima. Dawa ni kuiacha dirishani kila wikiendi asubuhi.

Alafu kuna ndugu zake hawa, wanaosema basi ukiiacha juani muda mrefu inajaa kupitiliza inaungua. Chaji haizidi, ndani kuna kinga ya kuikata. Kinachoua ni joto. Usiiweke juu ya dashibodi ya gari lililopaki juani pale uwanja wa ndege wa KIA unasubiri wageni, humo ndani panakuwa tanuri, na watengenezaji wenyewe wanakataza joto la kuzidi nyuzi 60. Dirishani nyumbani poa.

"Mita 200 maana yake unazama nayo mita 200, ya mita 30 unaogelea nayo"

Hapa pana uongo wa pande mbili, nitakaa kidogo.

Namba ya mita ni kipimo cha presha kwenye mashine ya maabara, sio ruhusa ya safari. Kila mita 10 za maji zinaongeza kama presha moja ya hewa, kwa hiyo 200 ni presha 20. Binadamu wa kawaida anayezama kwa starehe Pemba au Mafia mwisho wake ni mita 40, na wengi wanaishia nusu ya hapo. Hiyo mita 200 ni akiba, mwili wako utagoma mapema kabla ya saa. Ile saa ya suti iliyoandikwa mita 30, wenye kuitengeneza wanasema ni ya kunawa na mvua, basi.

Sasa wajuaji wanaeleza kwamba ya mita 30 inakufa kwa sababu ukipiga mkono kwenye maji presha inapanda vibaya mno. Nilikuwa nalirudia hili kama kasuku mpaka mgeni mmoja, mwalimu wa fizikia, akanikalisha chini kambini Shira na kijiti akaandika kwenye vumbi. Mkono ukienda kasi ya mita 5 kwa sekunde, ambayo ni kasi kweli, presha inayoongezeka ni sawa na kushuka kama mita moja na robo tu. Basi! Sio hiyo inayoua saa. Kinachoua ni raba, zile oringi nyembamba za mgongoni na kwenye kidude cha pembeni. Zinakauka, zinabanwa, zinachanika fundi akifunga vibaya. Na tofauti nyingine, saa ya kawaida kiwanda kinaruhusiwa kupima chache kwa niaba ya wenzake, lakini saa ya kuzamia yenye kiwango cha kimataifa cha ISO 6425 inatakiwa ipimwe moja moja, na presha inayozidi ile iliyoandikwa kwa robo, yaani ya mita 200 inapimwa kwa 250.

Kwa hiyo saa ya mtumba iliyoandikwa mita 200 ambayo imeshafunguliwa na mafundi wawili, mimi naihesabu ni ya kunawia mikono tu mpaka raba zibadilishwe. Kuna kipimo kwenye hicho kiwango unaweza kukiiga nyumbani: ipashe saa iwe vuguvugu, mkononi au juani kidogo, weka tone la maji baridi juu ya kioo, subiri kama dakika, futa. Ukiona ukungu umebaki kwa ndani, unyevu umeshaingia, usiende nayo popote penye maji.

Na kile kidude cha pembeni kwenye hizi saa kinafungwa kwa kuzungusha kama kifuniko cha chupa ya plastiki. Nimeona jamaa Chemka anaruka kutoka kwenye mti, kakiacha wazi, katoka na saa imekuwa akwariamu. Maji ya Chemka hayana kosa, ni ya uvuguvugu tu. Hajafunga. Analaumu Wajapani.

"Ile ringi imekwama, inazunguka upande mmoja"

Ndo inavyotakiwa. Ringi ya nje ni ya kuhesabu dakika, unaweka alama kwenye mshale wa dakika unapoanza kuzama. Ikigongwa kwa bahati mbaya ikasogea, itakuonyesha umekaa chini muda mrefu kuliko kweli, unapanda mapema, hujafa. Ingekuwa inarudi pande zote ingeweza kukupunguzia dakika wakati hewa inaisha. Zile namba kwenye mkanda wa raba nazo sio urembo, ni mita na dakika, unaweza kukaa kina gani kwa muda gani bila kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda.

"Sasa Moshi kuna bahari?" Hakuna. Mimi naitumia kuhesabu wageni wamepumzika dakika ngapi, maana mgeni ukimwachia akae sana baridi inamshika, na mke wangu anaiazima kwa mayai.

Vidogo vidogo

Mlimani haipasuki. Pale Uhuru, 5,895, hewa ni kama nusu ya ya usawa wa bahari, tofauti yake haifiki hata presha moja, na hii imepimwa kwa 25. Baridi ndo ya kuangalia kidogo, ila ikiwa mkononi ndani ya glavu mwili wako unaipasha.

Tarehe ikibadilika saa sita mchana saa haina kasoro, umekosea nusu siku, zungusha mishale masaa 12. Bibi yangu yeye alikuwa anaseti mishale kwa saa za Kiswahili, saa moja kwenye moja, kwa hiyo tarehe yake ilikuwa inageuka saa kumi na mbili jioni jua likizama, na alikuwa anasema hao wengine ndo wamekosea.

Kioo: saa nyingi za bei ya chini zina kioo cha madini, sio kile kigumu cha safaya, na watu wanaambiwa hakichubuki. Kinachubuka, mchanga wa kawaida unakishinda. Mabroka wa mawe Arusha watakuambia, safaya ni 9 kwenye ugumu, tanzanaiti yenyewe iko kwenye 6 na nusu hivi. Ila safaya ikipigwa kwenye mwamba inaweza kupasuka, kioo cha madini kinavumilia zaidi kipigo. Kwa kazi yangu mimi nachagua mikwaruzo.

Na kuhusu bei, "rahisi ni feki". Mpya na halali nje hizi nyingi ni za bei nafuu, sio kwa sababu ni feki, ni kwa sababu mashine yake ni ya kwazi, ile ya umeme wa betri, inayotengenezwa kwa wingi. Feki utaiona kwenye ringi iliyolegea, kidude kisichofunga kwa kuzungusha, na maandishi ya sola kwenye saa ambayo ndani ina betri ya kawaida. Huyo anakuuzia betri ya elfu tatu.

Dogo sasa hivi anatafuta nyingine. Kaniambia safari hii ataivaa.