Matundu Kulingana Si Rimu Kufaa

"Fundi, nimeshapima, matundu ni 5x112, wewe funga tu." Yaani matundu matano kwenye duara la milimita 112. Kauli hii naisikia kila mwenye Mercedes W123 iliyoshushwa anapoleta rimu za mtumba, na imenichosha kwa sababu anayeisema huwa ameshalipa pesa zake. Matundu kulingana kunakuhakikishia jambo moja tu: bolti zitaelekea mahali pake. Hujajua bado kama rimu itakaa katikati ya habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake), wala kama tairi litazunguka bila kukwaruza chuma.

Anza na tundu la katikati. Habu ya Benz ina kipenyo cha milimita 66.6. Rimu nyingi za Audi za zamani nazo ni 5x112, lakini tundu lao la katikati ni 57.1, kwa hiyo hata kwenye habu hazipandi. Wapo wanaolipanua. Likichongwa kwa mashine na mtu anayejua kazi yake, sawa. Likichongwa kwa grainda, usukani utatetemeka hata ubalansi magurudumu kila wiki. Na rimu ikiwa na tundu kubwa kuliko habu, tafuta pete za kujazia nafasi hiyo. Usiziachie bolti kazi ya kuisogeza rimu katikati.

Halafu kuna ET, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaokaa kwenye habu, na hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. W123 za kawaida zilitoka kiwandani na rimu za chuma za inchi 14, upana 5.5J (yaani inchi 5.5), ET30. Sasa mtu ananunua rimu ya inchi 16, upana 7.5J, ET41, ya Benz ya miaka ya 1990. Matundu yaleyale, habu ileile, nembo ileile. Piga hesabu: upande wa ndani rimu imeingia milimita 36 zaidi ya ile ya zamani, na upande wa nje imetoka 14. Hizo 36 ni karibu upana wa vidole viwili, na mbele kule ndani kuna tairodi (fimbo ya usukani) na stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona). Ukikata usukani mpaka mwisho ndipo unasikia mkwaruzo.

Dawa anayopewa huko mtaani ni spesa, kisahani cha chuma kinachowekwa kati ya rimu na habu. Weka ya milimita 20: ndani inabaki ziada ya 16, nje inakuwa 34. Spesa haikuongezei nafasi hata kidogo, inahamisha tatizo kutoka ndani kwenda nje. Gari ambalo halijashushwa pengine lingevumilia. Lililoshushwa, ukingo wa madigadi umeshuka karibu na tairi, na tuta la kwanza ukiwa na abiria nyuma litakata mpira.

"Lakini mbona likisimama haligusi?" Gari lililosimama halikuambii kitu. Pima gurudumu likiwa limepanda mpaka mwisho, kama vile springi imebanwa yote. Mpe fundi mwenye kibanio cha springi cha ndani aitoe moja ya mbele. Asiing'oe kwa mtaimbo, springi ya gari hili inaua. Funga gurudumu, pandisha mkono unaoshika gurudumu kwa jeki mpaka uguse raba ya kizuizi, kisha zungusha usukani kulia na kushoto. Mimi hubandika vidonge vya plastisini (udongo laini wa kufinyangia) kwenye ukingo wa madigadi na kwenye stabilaiza: kilichobonyea kinaonyesha nafasi iliyobaki, na kilichokatika kinaonyesha kwamba haipo. Fanya hivi kwa rimu ya kuazima kabla ya kununua.

Wengine husema rimu kubwa ndiyo inayogusa. Tairi la 195/70 R14 lina kipenyo cha milimita 629 hivi, na la 205/55 R16 lina 632. Tofauti ni milimita 3. Kinachogusa ni upana na ET.

Wengine husema tairi la 195/45 R16 linafaa kwa sababu linalifanya gari lionekane chini. Matairi ya kawaida ya saizi hii huwa na namba ya uzito 80, yaani kilo 450 kwa tairi. W123 ikijaa watu 5 na mizigo inakaribia tani 1.9. Jumlisha mwenyewe. Tena spidomita itasoma 100 wakati unakwenda chini ya 93.

Kuvuta tairi jembamba juu ya rimu pana? Tairi la 205/55 R16 linaishia rimu ya 7.5J. Zaidi ya hapo silifungi, nenda kwingine.

Bolti nazo hazifanani. Za rimu ya aloi ni ndefu kuliko za rimu ya chuma. Ukiweka ndefu kwenye rimu ya chuma nyuma, ncha zinaingia ndani na kugonga breki ya mkono. Kichwa cha bolti ya Benz kina kikalio cha duara, wakati rimu nyingi zisizo za kiwandani zinataka cha mteremko kama koni. Ukichanganya, bolti italegea.

Kuhusu kukata springi kwa gesi: moto unaharibu chuma, na springi iliyofupishwa inakuwa ngumu zaidi. Kabla ya msumeno wowote, angalia raba zinazokaa juu ya springi. Zina vinundu, kuanzia 1 hadi 4, na kila kinundu ni unene wa kama milimita 5. Ukitoa ya 4 ukaweka ya 1, gari limeshuka vya kutosha na springi yako ni nzima.

Mwisho, alaimenti haitaokoa matairi ya nyuma. Mikono ya nyuma ya gari hili inalaza magurudumu kwa ndani kadiri unavyolishusha, na kiwandani hawakuweka sehemu ya kurekebisha mlalo huo. Pitisha kiganja ukingo wa ndani wa tairi kila unapojaza upepo, kwa uangalifu, kwa sababu waya hutokeza kule wakati upande wa nje bado una meno mazuri.