Je, wajua kinga ya mwili hutambua hata mafuta ya bakteria?

Kwa miaka kadhaa niliwafundisha wanafunzi wangu hapa Kigoma kwamba seli T, askari wa kinga ya mwili, hutambua protini peke yake. Siku moja msichana wa kidato cha sita, ambaye mama yake anauza mawese Mwanga, akaniuliza: "Mwalimu, bakteria wa kifua kikuu si amejifunika mafuta? Sasa seli T inamjuaje?" Nikamjibu kwamba mafuta hayatambuliki, seli T husubiri protini za ndani. Nilimpotosha.

Swali lake lilitokana na alichokiona mwenyewe. Wiki hiyo tulikuwa tumejifunza jinsi makohozi yanavyopimwa: rangi nyekundu ikishaingia kwenye nta ya bakteria huyo, hata asidi haiitoi, na chini ya hadubini anaonekana kama kijiti chembamba chekundu kwenye uwanja wa buluu. Anayejua doa la mawese kwenye shati jeupe anaelewa mara moja.

Kosa langu lilikuwa na mizizi miwili. Wa kwanza ni historia. Mwaka 1974 Peter Doherty na Rolf Zinkernagel walionesha kwamba seli T haimtambui adui akiwa peke yake; humtambua akiwa ameshikwa na molekuli maalumu za mwili wenyewe. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Baadaye ikabainika kwamba molekuli hizo hushika vipande vya protini, na hapo ndipo somo letu darasani lilipoishia. Mzizi wa pili ulikuwa wangu mwenyewe, nao ndio ulionishika zaidi: niliamini mafuta ni mafuta, yanateleza na yanafanana yote, hayana pembe ya kushikwa. Si kweli. Asidi ya palmitiki iliyomo kwenye mawese yetu ina kaboni 16. Asidi ya maikoliki, iliyo kwenye ukuta wa bakteria wa kifua kikuu, ina kaboni kati ya 60 na 90, tena ina matawi mawili. Mwili wa binadamu hautengenezi kitu cha namna hiyo. Kwa mlinzi, hiyo ni alama ya mgeni isiyofichika.

Mwaka 1994 watafiti wa Boston, Marekani, walitangaza kwamba seli T za binadamu huitambua asidi hiyohiyo, ikiwa imeshikwa na molekuli iitwayo CD1b.

Inashikwaje? Fikiria kisu ndani ya ala. Ubapa wote umezama, mpini umebaki nje. Mikia mirefu ya mafuta huchukia maji, kwa hiyo huingia kwenye shimo la CD1b ambalo kuta zake nazo huchukia maji, ikatulia humo. Kichwa cha molekuli, kinachopatana na maji, hubaki mlangoni. Seli T inapopita hupapasa mpini huo pamoja na midomo ya ala, ubapa haiugusi. Ndiyo maana badiliko dogo la kichwa, kwa mfano sehemu ya sukari iliyo kichwani kugeuka upande tu, laweza kuifanya seli T ipite bila kusimama. Na ala zenyewe hazilingani. Ya CD1b ina vyumba kadhaa vilivyounganishwa na njia ya chini kwa chini, ndiyo maana mkia mrefu kiasi kile hupata pa kulala. Ninapenda sana jambo hili: mwili umechonga ala inayotosha kisu cha adui.

Kazi ya kukiingiza kisu hufanyika ndani ya seli za dendriti, zinazomeza bakteria na kumsaga kwenye vifuko vyenye asidi. Humo kuna protini ndogo ziitwazo saposini, zinazobandua mafuta kutoka kwenye utando kama sabuni inavyobandua mawese kwenye sufuria, kisha huyakabidhi kwa CD1b. Ala iliyojaa hupanda juu ya seli kungoja kukaguliwa.

Lakini kuonekana maabara ni jambo moja, kumkinga mgonjwa ni jingine, na hapa ushahidi bado ni mwembamba. Sababu moja ni panya. Panya wa maabara, ambao utafiti mwingi wa kinga huwategemea, hawana CD1b kabisa. Wamebaki na ndugu yake tu, molekuli iitwayo CD1d. Ilibidi wengine wapandikizwe jeni za binadamu ndipo jambo hili lichunguzwe ndani yao. Simbilisi, wale wanaofugwa majumbani, wana CD1b za kwao, na waliochanjwa kwa mafuta ya bakteria hawa kisha wakaambukizwa kifua kikuu, mapafu yao yaliharibika kidogo kuliko ya wenzao wasiochanjwa.