Usafiri uliounganishwa si usafiri uliokaribiana

Kila barabara mpya inapofunguliwa Mombasa, au steji inapohamishwa, husemwa kwamba sasa usafiri wetu umeunganishwa. Nimelisikia neno hilo likitumiwa kuhusu kituo cha reli cha Miritini, nikalisikia kuhusu barabara ya Dongo Kundu, na juma hili nimelisikia tena kuhusu Likoni, kwenye kivuko cha kusini mwa kisiwa cha Mombasa, kwa sababu tu matatu, tuktuk na bodaboda zinapatikana hatua chache kutoka kwenye feri.

Kuunganisha usafiri wa umma ni kupanga vyombo mbalimbali, yaani mabasi, matatu, treni na vivuko, viendeshwe kama mtandao mmoja, ili abiria anayebadilisha chombo njiani ahesabiwe kuwa bado yuko katika safari ile ile. Mahali pa kubadilishia pamepangwa, nyakati zinaoana, nauli ni moja, na taarifa zote zinapatikana pamoja. Kuhusu maana hiyo hapana ubishi mkubwa. Tatizo ni kwamba tunalitimiza la kwanza, tena nusunusu, kisha tunatangaza kwamba yote manne yamekamilika.

Mfikirie mama anayetoka Ukunda na kiroba cha ndizi akielekea soko la Kongowea. Atapanda matatu hadi Likoni, avuke kwa feri, apande ule mteremko wa upande wa kisiwani, kisha atafute gari la pili. Feri ndiyo sehemu pekee isiyomtoza, maana watembea kwa miguu huvuka bure, lakini matatu zote mbili humtoza kana kwamba kila moja ni safari mpya isiyohusiana na nyingine. Feri inaposhusha mamia ya watu kwa pamoja, magari yaliyopo hujaa mara moja na mara nyingi nauli nayo hupanda. Na watakaofika wa mwisho pale juu ni mzee mwenye mkongojo na mama huyo mwenye mzigo. Wakishafika, gari linalofuata halina haraka, kwa kuwa haliondoki kwa saa bali huondoka likijaa. Vyombo vyote viko hapo, vimekaribiana kabisa, na hakuna hata kimoja kinachomngoja mwenzake.

Miritini mambo ni tofauti kidogo, na tofauti hiyo inafundisha. Treni ya Madaraka Express, iliyoanza mwaka 2017, humwacha abiria bara, mbali na katikati ya mji, na ile ya usiku humfikisha saa ambazo mji umelala. Wenye matatu, bila kuandikiwa barua na yeyote, wamezisoma saa za treni na huyaleta magari yao kituoni kwa wakati. Hiyo ni mbegu halisi ya uunganishaji, nami nawaheshimu kwa hilo. Hata hivyo hakuna aliyemwahidi abiria kitu: treni ikileta watu wachache atasubiri garini hadi viti vijae, na akibeba tiketi ya reli haimfai kitu mara anapotoka nje ya lango. Ahadi ndiyo inayotenganisha mtandao na bahati njema.

Kuna kosa jingine linalofanana na lile la kuuita ukaribu uunganishaji, nalo ni la kudhani kwamba malipo ya simu au ya kadi ndiyo nauli moja. Mwaka 2013 Google na benki ya Equity walileta kadi ya BebaPay kwa ajili ya matatu, na mwaka 2014 serikali ikaagiza nauli zilipwe bila pesa taslimu. Agizo hilo halikushika, na BebaPay ikafungwa mwaka 2015. Wengi walisema Wakenya wanapenda noti, jambo lisiloaminika katika nchi iliyokuwa ikitumia M-Pesa tangu 2007. Sababu iliyo karibu zaidi na ukweli ni hesabu: dereva na makanga hutakiwa kumpelekea mwenye gari kiasi maalumu kila jioni, na kinachobaki baada ya mafuta na gharama za njiani ndicho chao. Pesa ikipitia kwenye kadi, hiyo inayobaki haionekani mkononi siku ile ile. Leo abiria wengi hulipa kwa simu, lakini anayelipa kwa simu mara mbili amelipa nauli mbili. Kilichobadilika ni pochi.

Nauli moja yenyewe ni mapatano kuhusu mgao, na hapo ndipo kazi nzito ilipo. Hamburg, mji wa bandari wa Ujerumani wenye vivuko kama sisi, uliunda chama cha usafiri mwaka 1965, cha kwanza cha aina yake duniani, na hadi leo tiketi moja humpitisha abiria kwenye treni, basi na kivuko cha bandarini. Tiketi ni karatasi tu. Mafanikio yalikuwa kuzifanya kampuni zilizokuwa zikishindana zikubali kuweka mapato pamoja na kuyagawa kwa kanuni. Huku kwetu makanga wa gari moja hushindana na makanga wa gari la nyuma yake hata wakiwa wa chama kimoja cha ushirika, kwa sababu hesabu ya kila gari ni ya peke yake. Asiyeligusa suala la hesabu hajaanza kuunganisha chochote.

Jambo la pili ni mamlaka. Nyongeza ya Nne ya Katiba ya 2010 imezipa kaunti usafiri wa umma wa barabarani, maegesho, na hata vivuko. Hata hivyo feri ya Likoni huendeshwa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya, treni ni ya Shirika la Reli, na leseni za matatu hutolewa na mamlaka ya kitaifa iliyoundwa mwaka 2012. Kila mmoja aweza kufanya kazi yake vizuri sana, na abiria bado akapotea katikati yao, kwa kuwa dakika zile za kutoka kwenye chombo kimoja kwenda kingine haziko katika majukumu ya mtu yeyote.

Tusifiche pia kwamba uunganishaji una wanaoumia. Dar es Salaam, Mwendokasi, yaani mabasi yenye njia yao maalumu, ilipoanza mwaka 2016, daladala ziliondolewa kwenye njia yake, na baadhi ya abiria waliokuwa na gari moja la moja kwa moja wakalazimika kupanda mawili. Likoni na Miritini, bodaboda na wabeba mizigo wanakula kutokana na pengo hili hili ninalolilalamikia, na mpango usiowapa nafasi utapingwa, tena kwa haki. Faida ni kubwa, kwani familia hupunguziwa gharama ya nauli, mwanafunzi hujua atafika saa ngapi, na mwenye gari dogo hupata sababu ya kuliacha nyumbani. Lakini faida hizo hutokana na mapatano na ratiba. Ukaribu wa vyombo peke yake hauzileti.

Basi namwomba anayetaka kutangaza kwamba usafiri wa mahali fulani umeunganishwa aulize kwanza ni chombo gani kinachomngoja abiria wa chombo kingine, na kama anayebadilisha chombo anaanza kulipa upya. Ikiwa hakuna kinachongoja, na malipo yanaanza upya, aseme kwamba steji imesogezwa karibu na kivuko, na atakuwa amesema kweli.