Je, wajua kwa nini mtambo mkubwa husaka kadi ya mawasiliano iliyopitwa na wakati?

Mtambo wa kusafisha mafuta unaweza kuwa na skrini mpya kila kona, na bado fundi wake akawa anatafuta kwa udi na uvumba kadi ya zamani ambayo hata printa za leo haziitambui. Ukimwona utadhani ni ubahili. Sivyo.

Tuchukue Tricon, mfumo wa usalama uliobuniwa na kampuni ya Triconex ya California, ambao leo uko mikononi mwa Schneider Electric. Kazi yake ni kuzima mtambo pale presha, joto au kina kinapovuka mpaka. Ndani yake mna prosesa tatu zinazopiga hesabu ileile kwa wakati mmoja, kisha zinapiga kura: mbili zikikubaliana, ya tatu inapuuzwa.

Kadi ya mawasiliano, inayopeleka taarifa za Tricon kwenye chumba cha udhibiti, haimo kwenye kura hiyo. Ikifa, prosesa zinaendelea kulinda mtambo kama kawaida. Wanaoumia ni watu wa chumba cha udhibiti: kilichowaka, kilichofungwa, kilichozima kwanza, hawakioni tena. Ndiyo maana kadi hii hupuuzwa kwenye bajeti ya vipuri, na ndiyo maana upungufu wake huuma siku mbaya kuliko zote.

Kadi ya zamani ya Tricon, namba 4119A, ina poti nne za mfululizo (serial), kila moja ikifika biti 19,200 kwa sekunde, na poti moja ya printa, maana zamani kengele za hatari zilichapwa kwenye karatasi. Kadi iliyokuja baadaye, TCM, hufanya kazi na Tricon toleo la 10.0 kwenda juu tu. Mwenye toleo la 9 hawezi kuichomoa ya zamani na kuchomeka mpya. Itabidi apandishe mfumo mzima, kisha ajaribu upya mantiki ya kuzima, mtambo ukiwa umesimama. IEC 61511, kiwango cha kimataifa cha mifumo ya usalama ya viwandani, nacho kinataka kila badiliko lichunguzwe athari zake kabla ya kufanywa. Kadi inayofanana kabisa na iliyokufa huepusha sehemu kubwa ya safari hiyo.

"Inayofanana kabisa" ndipo wengi wanapoteleza. Namba ya modeli haitoshi. Herufi ya mwisho ina maana: 4119 na 4119A si kitu kimoja, kwa kuwa poti za 4119A zimetengwa kiumeme na mtambo. Mwombe muuzaji picha ya lebo, namba ya marekebisho, toleo la programu ya ndani, na picha ya karibu ya pini za nyuma. Kadi za mtumba nyingi hutoka kwenye mitambo iliyobomolewa. Pini zilizoingia weusi zimeliwa na gesi ya salfa, na kusugua hakurudishi dhahabu iliyoondoka. Ripoti ya majaribio inayosema tu "inawaka" haina thamani. Dai ripoti ya kadi iliyochomekwa kwenye Tricon halisi na kila poti ikapitisha data.

Usiridhike kuiweka kabatini ukasahau. Kapasita za elektroliti hukauka taratibu: ile iliyotajwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 hukisiwa kufika saa 128,000 kwa nyuzi 45, yaani miaka 14 na ushee, kwa sababu kila nyuzi 10 zinazopungua huzidisha umri mara mbili. Hivyo feni ya kabati na vichujio vyake ni sehemu ya matunzo ya kadi. Iliyo stoo ikae kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, pakavu, na ijaribiwe kwenye raki ya majaribio angalau mara moja kwa mwaka.

Siku ya kubadilisha, piga picha swichi ndogo zilizo juu ya kadi ya zamani kabla ya lolote. Ndizo zinazoamua poti izungumze RS-232 au RS-485, yaani aina mbili za kupitisha data kwenye waya, na swichi moja ikikosewa kadi itawasha taa ya kijani ya Pass huku data haipiti. Vaa mkanda wa mkononi uliofungwa kwenye ethi. Sukuma kadi kwa usawa hadi ikae, kaza skrubu, subiri Pass, kisha tazama taa za Tx (kutuma) na Rx (kupokea). Tx ikipepesa na Rx ikiwa imezimika, tafuta kosa kwenye waya kwanza.

Waya wa RS-485 unahitaji rezista ya omu 120 kila mwisho. Zima umeme, pima kati ya waya mbili: ukipata karibu omu 60, zote zipo, ukipata 120, moja imekosekana, ukipata 40, kuna mtu ameongeza ya tatu. Majina ya waya hizo mbili, A na B, nayo watengenezaji wengine huyatumia kinyume, kwa hiyo kugeuza waya si aibu.

Hatari isiyoonekana ni amri za kuzuia uzimaji wakati wa matengenezo, zinazotumwa kupitia Modbus, lugha ya mawasiliano ya mitambo. Kadi ikifa katikati, thamani ya mwisho iliyoandikwa inaweza kubaki kwenye kumbukumbu, na kinga ikabaki imezuiwa bila mtu kujua. Programu iwekwe kipima muda kinachofuta amri hizo mawasiliano yakikatika, na kazi hiyo ijaribiwe kwa kuchomoa waya kweli.

Mwishowe kuna ufunguo wa Tricon, unaogeuzwa kuchagua hali ya mfumo, kama RUN au PROGRAM. Mwaka 2017, katika kiwanda cha petrokemikali Saudi Arabia, programu hasidi iitwayo Triton iliandika ndani ya prosesa kwa sababu ufunguo uliachwa kwenye PROGRAM. Ukimaliza na kadi, urudishe RUN, hali inayokataa maandishi ya kutoka nje. Amri chache zinazohitajika zifunguliwe ndani ya programu kwa GATENB, kazi inayoruhusu maandishi kwenye sehemu teule tu. Kisha chomoa ufunguo, uukabidhi kwa msimamizi wa zamu, na uandike saa kwenye daftari.