RAM iliyoingia vizuri, mashine ikagoma kuwaka

Wiki iliyopita mwalimu mmoja aliingia kibandani kwangu hapa Arua akiwa na RAM (kibao cha kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) mfukoni, ameiviringisha kwa karatasi ya daftari. Alikuwa ameinunua Kampala, akasafiri nayo karibu kilomita 500 kwa basi la usiku. "Fundi, wewe nipachikie tu, kazi ya kutafuta nimeshaimaliza." Nikaipachika. Iliingia bila shida, vishikizo vikabana pande zote mbili. Kuwasha: feni inazunguka, skrini giza totoro.

RAM yenyewe ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni herufi moja. Laptopu ya mwalimu ina kichakato cha Intel Core kizazi cha nne, nayo inataka RAM ya aina ya DDR3L. Yeye alinunua DDR3. Zote mbili zina pini 204 na mkato wake uko mahali pamoja, kwa hiyo mkono hauwezi kukuonya. Zinatofautiana kwa umeme: DDR3 ya kawaida hula volti 1.5, DDR3L volti 1.35, na laptopu nyingi zenye tundu hili zilizotoka kuanzia 2013 hutoa hiyo ndogo tu. Ukigeuza mambo hakuna ugomvi: DDR3L ukiiweka kwenye mashine kongwe ya volti 1.5, inafanya kazi. Ndiyo maana droo yangu ina DDR3L peke yake.

Herufi hiyo utaiona kwenye lebo. PC3L-12800 ni DDR3L. PC3-12800 ni ile nyingine. Hiyo 12800 isikutishe, ni kasi ya 1600 ikizidishwa kwa 8. Kwa hiyo PC4-19200 ni DDR4 ya kasi ya 2400. Ukichanganya kasi mbili za DDR4, kwa kawaida zote hufuata mwendo wa ile ya polepole, na mashine inaendelea na kazi zake.

DDR4, kizazi kinachofuata, ya laptopu ina pini 260 na mkato umehamishwa, kwa hiyo haiingii kwenye tundu la DDR3 ila kwa ubishi (nimeshapokea tundu lililovunjwa kwa ubishi huo). DDR5 ina pini 262. Mezani kwangu bado zinafika kwa nadra. Halafu kuna RAM zilizolehemiwa kwenye ubao, kama za laptopu za Apple za MacBook Air, zote tangu ya kwanza ya 2008. Hapo hakuna cha kuongeza, tunza pesa zako.

Lakini swali ninalolianza mimi ni hili: kweli RAM ndiyo imepungua? Fungua kazi zako za kila siku zote, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uangalie sehemu ya kumbukumbu. Utaona imejaa kiasi gani, na kwa kawaida matundu mangapi yametumika. Ikiwa GB 4 zako zimejaa karibu zote, ongeza. Ikiwa nusu iko wazi na mashine bado inajikokota, mara nyingi mkosaji ni diski ya kuzunguka; SSD, diski isiyozunguka, itakufaa zaidi. Angalia tu usidanganyike: RAM ikijaa, Windows huhamishia mizigo kwenye diski, na diski huonekana ndiyo mbaya kumbe inabebeshwa kazi ya mwenzake. Na kama Windows yako ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukipachika 16.

Mashine ya mwalimu ilikuwa na tundu moja tupu na GB 4 zilizojaa pomoni, kwa hiyo wazo lake lilikuwa sahihi. Nilitoa DDR3L ya GB 4 kwenye droo, ikawaka mara ya kwanza. Ile aliyotoka nayo Kampala sasa iko kwa jirani yangu wa kupiga chapa, ndani ya laptopu ya kizazi cha pili ambayo haichagui chakula.