Kipepeo Anayefika Kanada Si Yule Aliyeondoka Meksiko

Wengi wanaamini kwamba monaki, yule kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye mishipa myeusi kwenye mbawa, husafiri kama mbayuwayu: anakimbia baridi, kisha anarudi alikozaliwa. Nusu ya habari hiyo ni kweli. Kwenda kusini huenda mwenyewe. Monaki wa mashariki mwa Amerika Kaskazini hujazana kwenye miti ya oyamel, jamii ya misonobari, katika milima ya Meksiko ya kati, karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, wakakaa huko tangu Novemba hadi Machi. Lakini anayeondoka Machi, kwa kawaida huishia kaskazini mwa Meksiko, Texas na majimbo jirani. Anataga, anakufa. Wanaofika Kanada ni watoto au wajukuu wake, na watakaorudi Meksiko mwisho wa mwaka hawajawahi kuiona.

Wanasayansi wenyewe walibishana sana juu ya hili, mpaka mtafiti wa monaki Lincoln Brower na wenzake walipoamua kufuata sumu. Kiwavi wa monaki hula mimea ya jamii ya Asclepias, yenye utomvu mweupe, na sumu ya mmea hubaki mwilini hata akishaota mbawa. Kila aina ya mmea ina mchanganyiko wake. Vipepeo wa Meksiko walikutwa na sumu ya Asclepias syriaca, mmea wa kaskazini; waliowasili kaskazini mwanzoni mwa kiangazi walikuwa na sumu ya mimea ya kusini. Yaani walizaliwa njiani. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1993, na kwangu ndiyo kazi ya upelelezi tamu kuliko zote katika habari za monaki.

Wapo pia wanaosema: “Joto ndilo linalowageuza kuelekea kaskazini.” Hapana, ni baridi. Mwaka 2013 watafiti Patrick Guerra na Steven Reppert walieleza jinsi walivyowaweka monaki waliokuwa wakielekea kusini katika baridi kama ya milimani kwa siku 24. Walipojaribiwa tena, walielekea kaskazini. Waliokosa baridi hiyo waliendelea kung’ang’ania kusini.

Wengine hudhani kila monaki anafuatiliwa kwa setilaiti. Mdudu mwenyewe ana uzito wa nusu gramu tu! Vifaa vya redio vya kumtosha ni vya juzijuzi. Kilichozoeleka ni kibandiko kidogo chenye namba kwenye bawa la nyuma, kazi ambayo mradi wa Monarch Watch wa Chuo Kikuu cha Kansas umeisimamia tangu 1992. Hubandikwa wakati wa safari ya kusini. Majira ya kuchipua hakisaidii sana, kwa kuwa mwenye namba anafia njiani na mtoto harithi namba.

Ndiyo maana safari ya kurudi inategemea macho ya watu. Tangu 1994 mradi wa Journey North hupokea taarifa za wakazi: monaki wa kwanza, mmea wa kwanza kuchipua, yai la kwanza. Yai lenyewe linataka subira. Ni dogo kama kichwa cha pini, jeupe kama krimu, lina mistari ya wima, na mama huliweka peke yake, mara nyingi chini ya jani. Baada ya siku nne hivi linaanguliwa. Ila ramani ya taarifa hizo isomwe kwa akili: pasipo na alama huenda vipepeo wapo, waangalizi ndio hawapo.

Yule kipepeo wa rangi ya chungwa tunayemwona Afrika Mashariki naye si mgeni kutoka Meksiko. Ni Danaus chrysippus, ndugu yake, na huku kwetu wapo wengi wasio na hata ncha nyeusi ya bawa la mbele.

Kuna pia wanaofuga monaki ndani na kuwaachia, wakiamini wanaongeza wasafiri. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago wa mwaka 2019 uligundua kwamba monaki wa wafugaji wa biashara hawakujua kuelekea kusini, na hata watoto wa monaki wa porini waliolelewa ndani walipoteza mwelekeo.